Taa na Ukuta: Nuru ya Usiku katika Nyumba za Pwani

Katika pwani yetu, tangu Lamu iliyo karibu na digrii 2 kusini ya ikweta hata Kilwa iliyo karibu na digrii 9, usiku haubadili sana urefu wake. Jua huchwa mwezi baada ya mwezi karibu wakati ule ule, machweo hayadumu, na giza huteremka kwa haraka isiyojulikana katika nchi za kaskazini, ambako kiangazi huwapa watu saa nyingi za mwanga wa jioni pasipo malipo. Kwa hiyo mtu wa pwani, awe tajiri au fakiri, amehitaji taa kila jioni ya maisha yake, wala hakujaliwa msimu wa kuiweka kando. Na haja inayorudi kila siku kwa muda wa karne nyingi haikosi kuwafundisha watu maarifa. Wanahistoria wameandika mengi juu ya pembe, karafuu, sandarusi na majahazi, lakini machache mno juu ya mwanga ambao kwa huo tajiri alihesabu fedha zake, mwanachuoni alisoma kitabu chake, na mama alimtazama mtoto aliyeshikwa na homa. Tena wengi walioigusa habari hii waliitazama kwa upande wa vyombo tu, wakahesabu kibatari, kandili, karabai na globu kwa zamu zao, kana kwamba taa peke yake ndiyo iletayo nuru nyumbani. Mimi naamini kuwa nuru ya nyumba ni kazi ya shirika baina ya taa na ukuta, na kuwa wazee wa pwani, kwa sababu mafuta yao yalikuwa ghali na mwali wao ulikuwa mdogo, waliutengeneza ukuta kwanza, kisha ndipo wakaiweka taa.

Nyumba ya mawe ya Lamu, kama ilivyojengwa hasa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, ilianza na vitu vitatu vilivyotoka baharini na ufukoni: jiwe la matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo juu ya magogo, na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, kwani mti wa mkoko hauwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ukipita urefu wa karibu mita 3, na kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vikapangwa kimoja nyuma ya kingine. Mgeni aliyepokewa katika daka la mlango aliingia katika kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu, na kutoka hapo nyumba ilipanda daraja kwa daraja, msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, ambamo bibi wa nyumba alikaa na watoto wake mbali na macho ya njiani. Kuta za nje, zenye unene wa karibu nusu mita, zilikuwa na madirisha machache mno au hazikuwa nayo kabisa, kwa ajili ya faragha na kwa ajili ya joto. Na mjenzi alikabiliwa na swali gumu, nalo ni jinsi ya kuufikisha mwanga wa kiwanda kimoja mpaka chumba cha tatu au cha nne bila ya kutoboa ukuta.

Jawabu lake lilikuwa neru. Baada ya ukuta kupigwa lipu ya kawaida, mwashi alipaka juu yake chokaa laini iliyochujwa, akaisugua kwa subira hata ikang'aa kwa weupe ulio karibu na weupe wa ganda la yai. Chokaa nyeupe iliyo safi hurudisha takriban sehemu nane katika kumi za mwanga unaoipiga, ilhali ukuta wa udongo au wa saruji isiyopakwa hurudisha sehemu mbili au tatu tu na kuzimeza zilizobaki. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani mwanga haugongi ukuta mara moja ukakoma. Huruka kutoka ukuta huu kwenda ule, na kutoka ule kwenda dari, na katika kila mruko neru huupunguza kidogo na udongo huupunguza sana, hata baada ya miruko mitatu ukuta mweupe umebakisha nusu ya mwanga na ukuta wa udongo haukubakisha kitu cha kutajwa. Kwa njia hiyo mwanga wa jua ulioanguka kiwandani ulipokezanwa na kuta kama ndoo ya maji ipokezanwavyo na watu waliosimama safu, ukafika ndani ukiwa umepoa makali yake, mlaini na mwororo, usiomchoma mtu macho.

Na huko ndani ndiko zilikokuwa zidaka. Wageni walioziandikia habari wamezisifu kwa urembo wake, safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa katika lipu, kila kimoja kikihifadhi sahani ya China au kitabu au chupa ya marashi. Na urembo huo ni haki yake kusifiwa. Lakini nadhani sifa yake ya pili haikuangaliwa ya kutosha. Ukuta wa zidaka ulisimama mwisho wa nyumba, ukiukabili mwanga unaotoka kiwandani. Vyombo vyake vya kaure vilivyong'aa na kingo zake nyingi za chokaa viliupokea mwanga huo na kuutawanya kila upande, na vivuli vyepesi vilivyolala katika vina vya vishubaka vililipa jicho kina cha kutazama, hata chumba chembamba kikaonekana kipana kuliko kilivyo. Mjenzi aliyefanya haya hakuwa na kipimo cha mwanga mkononi, ila alikuwa na jicho, na alikuwa na wazee waliojenga kabla yake.

Usiku ulipoingia, kazi ile ile ilikabidhiwa taa. Katika magofu ya Gedi, mji uliohamwa katika karne ya 17 na ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, mashubaka ya taa yangali yanaonekana katika kuta, yamewekwa kwa makusudi na mwashi wakati jiwe lilipokuwa likipandishwa, wala si baada ya hapo. Mahali pa taa palikuwa sehemu ya nyumba, kama mlango ulivyo sehemu ya nyumba. Shubaka liliukinga mwali na upepo wa kusi na wa kaskazi. Liliuweka mbali na mikono ya watoto na mikeka. Na zaidi ya yote, liliuweka mwali karibu na chokaa, ili weupe uliouzunguka uwe ndio taa ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri katika karne ya 11, alieleza kuwa sisi huona kwa sababu nuru hutoka katika vitu na kuingia machoni mwetu, wala si kwa sababu macho yetu hutoa miali. Na mtu akiisha kufahamu hivyo atafahamu kuwa chumba hakiangazwi kwa ukali wa mwali tunaoutazama, bali kwa nuru irudishwayo na vitu vinavyouzunguka.

Taa yenyewe ilikuwa chombo kidogo cha udongo au cha shaba, chenye mdomo mmoja au zaidi, na utambi wa pamba uliolala katika mafuta. Mwali wake haukuzidi sana mwali wa mshumaa. Ulikuwa wa haki kwa kazi iliyokuwa karibu nao, na dhaifu kwa kazi iliyokuwa mbali, kwa kuwa umbali ukizidi mara mbili mwanga unaofika hupungua hata robo, na ukizidi mara tatu hupungua hata sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo mwenye kusoma hakuitundika taa yake darini, aliiweka chini kando ya marufaa, na mshoni wa kofia aliivuta hata ikawa kiasi cha mkono kutoka katika sindano yake. Mwanga uliifuata kazi. Haikuwapo desturi ya kukiangaza chumba kizima kwa ajili ya mtu mmoja aliyeketi pembeni mwake.

Matajiri walikuwa na zaidi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeitunga Al-Inkishafi karibu na mwanzo wa karne ya 19 akiomboleza kuanguka kwa Pate, aliyakumbuka majumba ya wakubwa yaliyowaka kwa taa za thamani, na taa hizo zilikuwa katika alama za kwanza alizozichagua kuonyesha fahari iliyopita. Jambo hilo latuonyesha kuwa mwanga mwingi ulikuwa anasa ya kutajwa pamoja na vitanda vya pembe na mazulia. Upande wa pili, yule aliyekaa katika nyumba ya fito, udongo na makuti, na hasa mtumwa aliyeichoma chokaa ile na kuibeba kichwani, alikuwa na moto wa mafiga, na alipotoka alichukua kimwenge cha makuti makavu, kilichowaka kwa ghadhabu kwa dakika chache kisha kikazimika. Nyumba yenye neru haikuwa nyumba ya kila mtu, na mwenye kuisifu hana budi kulisema hilo waziwazi.

Iktisadi hii yote ilitokana na bei ya mafuta. Mafuta ya nazi yalitaka nazi ikunwe, tui likamuliwe, lichemshwe mpaka maji yaishe, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Kila kijiko kilichotiwa taani kilikuwa kijiko kilichotolewa katika chakula au katika nywele. Mafuta ya ufuta yalisindikwa katika mashinikizo yaliyozungushwa na ngamia waliofungwa macho, ambayo Lamu, Mombasa na Unguja ziliyajua kwa muda mrefu. Watu wa mwambao walitumia pia mafuta ya papa, yenye harufu isiyofichika. Kisha, katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Ufaransa walianza kununua ufuta wa Lamu na wa pwani ya Banadiri, na mbata za Unguja, kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni vya Marseille, na mafuta ya nyumbani yakapata mshindani tajiri aliyekaa ng'ambo ya bahari mbili. Sijui kama iko biashara nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi pwani ilivyoingizwa katika soko la dunia: mafuta yaliyokuwa yakiwaka shubakani yalikwenda kuosha nguo za Ulaya, na pengo lake likajazwa na mafuta yaliyochimbwa chini ya ardhi ya Marekani.

Maana mwaka 1859 Edwin Drake alikuwa amechimba kisima chake huko Titusville, Pennsylvania, na kabla ya karne kwisha mafuta ya taa ya Marekani, na baadaye ya Urusi, yalikuwa yakishushwa katika bandari zetu katika makasha ya mbao, kila kasha na madebe mawili, na kila debe na lita 18 hivi. Debe lenyewe lilipendwa karibu sawa na kilichokuwamo. Likawa kipimo cha nafaka sokoni, likawa chombo cha maji kisimani, likakunjuliwa likawa paa na mlango, na vipande vyake pamoja na makopo madogo vikaingia katika mikono ya mafundi wa bati walioketi barazani, ambao walitoboa kifuniko, wakapenyeza utambi wa kitambaa, na kuuza kibatari kwa bei ambayo hata mchukuzi wa bandarini aliimudu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya pwani, mwali wa usiku ulikuwa katika uwezo wa karibu kila nyumba. Sitaki kulipunguza jambo hilo. Watoto wengi wa nchi hii walijifunza kusoma kwa kibatari, na wazee wengi walipata kuwaona wajukuu wao baada ya magharibi kwa sababu yake.

Lakini kibatari kilikuwa na deni lake. Mwali wake usio na kioo huunguza mafuta nusu nusu, na sehemu isiyoungua hupanda ikawa masizi mazito, yakaingia katika vifua vya waliolala na kutanda juu ya dari na kuta. Nyumba iliyokuwa ikisaidiwa na weupe wa kuta zake sasa ilizidiwa na weusi uliotokana na taa yake yenyewe. Kila usiku taa iliuharibu ukuta kidogo, na kila usiku uliofuata ilihitaji kuwa kali zaidi ili kutoa nuru ile ile. Kwa vipimo vya leo kibatari hutoa lumeni kama 10 hivi, ambazo ni chache hata kabla ya ukuta kuzimeza.

Taa ya chemni, ambayo Waunguja huiita kandili, ilikuwa bora kwa kila hali. Kioo chake kiliivuta hewa kutoka chini kwa mpango, mwali ukasimama bila ya kutetemeka, masizi yakapungua, na utambi wake bapa uliopandishwa na kushushwa kwa kijigurudumu ulimpa mwenye nyumba mamlaka ya kuchagua kiasi cha mwanga anachokitaka, jambo ambalo nyumba nyingi zenye umeme hazinalo hata leo. Ilidai adabu. Kila alasiri mtoto mmoja alipewa kazi ya kuisafisha chemni kwa majivu au kwa gazeti kuukuu, akaukata utambi sawasawa kwa mkasi ili mwali usiwe na pembe, akatia mafuta kabla ya jua kuchwa na si baada yake. Na chemni iliyosafishwa vibaya ilimfedhehesha mbele ya wageni. Katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Dar es Salaam, na za miji ya bara, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambamo kuta za vyumba aghalabu hazikufika juu hata paani, kandili moja iliyotundikwa ukumbini iliipitisha nuru yake juu ya kuta na kuwapa wapangaji wote mwanga mdogo wa kutosha kuuona mlango na kitanda. Hiyo nayo ilikuwa hekima ya ujenzi, ijapokuwa haikutoka kwa mwashi mashuhuri.

Karabai ilikuja na tabia nyingine. Carl Auer von Welsbach wa Austria alikuwa amegundua, katika miaka ya 1885 hadi 1891, kuwa kifuko cha nyuzi kilicholoweshwa katika chumvi za thoriamu na kidogo cha seriamu, kikisha kuungua na kubaki mifupa ya majivu, hung'aa kwa weupe mkali kikitiwa katika mwali wa moto wa kawaida; na mafundi wa Ujerumani walipokiunganisha kifuko hicho na tangi la mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu, wakapata taa yenye nguvu ya mamia ya mishumaa. Ilikuwa taa ya jamaa, wala haikuwa taa ya mtu mmoja. Ilitundikwa kwenye maulidi, kwenye harusi, kwenye taarabu, mbele ya duka lililotaka kuonekana tangu mwisho wa mtaa. Wavuvi wa dagaa waliichukua majini, nao wa Ziwa Tanganyika waliitegemea kwa miaka mingi kuwavuta samaki juu. Lakini ndani ya chumba kidogo ilikuwa adui wa macho, yenye mvumo usiokoma na joto lake, na mtu aliyeketi karibu nayo aliona vizuri kila kitu ila kile kilichokuwa nyuma yake. Ndiyo taa iliyotuzoeza kuamini kuwa mwanga mzuri na mwanga mkali ni kitu kimoja.

Umeme uliingia kwa mlango wa wafalme. Historia rasmi ya shirika la umeme la Kenya huanza mwaka 1875, kwa mtambo ambao Sultani Seyyid Barghash bin Said aliununua kuangaza kasri yake ya Unguja na njia zilizo jirani. Na Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga mwaka 1883 mbele ya bahari, lilipata taa za umeme mapema kuliko takriban majumba yote ya Afrika ya Mashariki. Mtambo ule haukufia Unguja. Mwaka 1908 ulinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na kutokana nao ikaanzishwa kampuni ya kukipa kisiwa cha Mombasa umeme na mwanga. Mwaka huo huo haki ya kuiangaza Nairobi ilitolewa kwa mhandisi Clement Hertzel, na mwaka huo huo pia Wajerumani waliwasha umeme wa Dar es Salaam, kwa karakana za reli na kwa sehemu ya mji waliyoikaa wenyewe. Mwaka 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa, na mwaka 1931 umeme wa Tanganyika ulitiwa katika mikono ya kampuni mbili za watu binafsi, ambazo moja yake ilikuwa TANESCO. Waya zilifuata mitaa ya watawala na ya matajiri, na Mwafrika aliyeichimbia nguzo shimo lake alirudi jioni kwenye kandili yake. Dhulma hiyo iliendelea muda mrefu, na katika vijiji vingi haikuanza kuondoka mpaka karne hii, baada ya wakala wa nishati vijijini kuundwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 2005.

Globu ilipofika hatimaye katika nyumba ya mtu wa kawaida, ilikuja na desturi yake ya mahali pa kukaa: katikati ya dari, moja kwa kila chumba, inaning'inia uchi mwishoni mwa waya wake. Sababu haikuwa uzuri wala manufaa. Mkandarasi aliulizwa bei kwa kila taa, mwenye nyumba ya kupangisha alitaka bei ndogo, na taa moja katikati ndiyo iliyofaa kwa chumba chochote cha mpangaji yeyote, kwa kuwa haikumfaa hasa mtu yeyote. Shubaka likaachwa, mwashi akaacha kufikiri juu ya mwanga, na ukuta, uliokuwa mshirika, ukageuka kuwa mpaka wa chumba tu, ukapakwa rangi ya mafuta ya kijani au ya buluu iliyoiva kwa kuwa haionyeshi uchafu. Mwenye kusoma akaketi na kivuli cha kichwa chake juu ya kitabu. Mwenye kupika akasimama mbele ya nuru yake mwenyewe. Na globu yenyewe ilikuwa moto zaidi kuliko taa, kwani katika kila sehemu 100 za umeme ilizozila ilitoa nuru kwa sehemu kama 5 na kuzigeuza zilizobaki kuwa joto, katika nchi ambayo haina upungufu wa joto. Maadamu umeme ulionekana rahisi, hakuna aliyeuliza. Tyubulaiti zilizofuata zilipunguza matumizi, zikaongeza ubaridi wa rangi na mtetemo wa mwanga, na zikabaki pale pale katikati ya dari.

Unguja ilikumbushwa kwa nguvu. Tangu mwaka 1980 kisiwa kilikuwa kikipata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na waya huo ulipoharibika mwezi wa Mei 2008 kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kamili. Majenereta yalinguruma katika vichochoro vya Mji Mkongwe kwa wale walioweza kuyanunulia mafuta, na kandili zilitolewa stoo na kupanguswa. Waya mpya ulilazwa mwaka 2013. Katika miezi ile ya giza waliokaa katika nyumba za zamani zilizopakwa chokaa, zenye uwazi wa katikati, waliishi na mshumaa mmoja kwa raha iliyowapita wale wa nyumba mpya zenye kuta za rangi iliyoiva na mapazia mazito, na tofauti hiyo haikutokana na mshumaa.

Mapinduzi ya tatu, baada ya yale ya mafuta ya taa na ya umeme, tunayaishi sasa. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuchukua uraia wa Marekani, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kutengeneza kijitaa cha LED chenye nuru ya buluu, ambacho kikifunikwa kwa unga maalumu wa kugeuza rangi hutoa nuru nyeupe. Globu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 700 na zaidi kidogo. LED ya wati 8 au 9 hutoa kiasi hicho hicho. Nyumba yenye taa tano zinazowaka saa nne kila jioni, iliyokuwa ikitumia uniti moja na ushei kwa globu, hutumia chini ya sehemu moja ya tano ya uniti kwa LED, na mwenye kununua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kwa shilingi alizonazo mkononi anaijua maana ya hesabu hiyo bila ya kufundishwa. Jambo kubwa zaidi ni kuwa taa iliyokula umeme kidogo namna hii inaweza kulishwa na kipande cha sola kilicho juu ya paa la makuti au la bati. Kampuni kama M-KOPA, iliyoanza biashara yake Kenya mwaka 2012, zilimwezesha mtu wa shamba kulipa kidogo kidogo kwa simu yake hata taa ikawa mali yake, na kibatari, baada ya zaidi ya karne, kikaanza kustaafu.

Hata hivyo uchache wa wati si uzuri wa mwanga, na hapa ndipo ninapoona israfu mpya inayotuvizia. Taa inapokuwa rakhisi mno, watu hununua nyingi na kali, nyeupe ya rangi ya barafu, ambayo makasha yake huandikwa kelvini 6500, wakaziwasha sebuleni na chumbani kama zinavyowashwa katika chumba cha upasuaji. Nuru ya namna hiyo ina haki yake juu ya meza ya fundi cherehani na ya mhasibu. Lakini kwa maongezi, kwa chakula na kwa usingizi, nuru ya kelvini 2700 au 3000, iliyo karibu zaidi na rangi ya mwali wa mafuta, ndiyo iliyoyafaa macho ya binadamu tangu shubaka la kwanza, na elimu ya siku hizi inaeleza kuwa wingi wa nuru ya buluu usiku huuchelewesha usingizi. Kadhalika iko sifa ya uaminifu wa rangi, ambayo hupimwa kwa namba isiyozidi 100: taa iliyo chini ya 80 humfanya samaki mbichi aonekane mchovu, nyekundu ya kanga ionekane kahawia, na uso wa mgonjwa usisomeke, ilhali taa iliyo juu ya 90 huirudishia kila rangi haki yake. Mnunuzi wa kwetu mara nyingi hapewi habari hizi, kwani taa duni huandikwa wati peke yake, na baadhi yake hutetema kwa kasi isiyoonekana na kukichosha kichwa. Naona ni wajibu wa wenye kusimamia viwango vya bidhaa kudai namba hizo ziandikwe juu ya kila kasha, kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma.

Na ukuta? Chokaa haijakwisha nchini, na rangi nyeupe ya maji inauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha mita 3 kwa mita 4, kilichopakwa weupe kuta na dari, hakihitaji taa moja kali katikati. Kinahitaji tatu ndogo za wati 3 hadi 5, moja iliyofichwa iangaze juu ukutani ili dari iisambaze, moja kando ya mahali pa kusomea, kwa urefu wa bega la mtu aliyeketi, na moja karibu na kioo au kabati, kila moja na swichi yake, ili asiyesoma asilipie nuru ya msomaji. Jumla yake haizidi robo ya globu ya zamani, na macho hayataona mwali mtupu mahali popote. Shida iliyobaki si ya fedha wala ya vifaa. Mabomba ya waya hulazwa ukutani kabla ya lipu, na lipu ikisha kukauka kila taa iliyosahauliwa hugeuka kuwa tindo na vumbi. Kwa hiyo mwenye kujenga hana budi kumwita fundi wa umeme na mwashi siku moja, kuta zikiwa bado ni matofali, akasimama nao katika kila chumba na kuwaonyesha kwa chaki mahali atakapoketi, atakaposoma na atakapolala.